Aliyeweka Vyuma Kwenye Bafu la Soko

Habari za msiba hazichagui mahali pa kumkuta mtu. Mimi zilinikuta Jumamosi iliyopita kwenye foleni ya bafu la soko hapa Shinyanga, taulo begani na kipande cha sabuni mkononi, nimeshuka kwenye lori lililotoka Geita nikiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Mama anayefagia mabafu yale, ambaye tumezoeana kiasi cha kutaniana, aliniona akaacha kufagia. "Pole na safari, baba," alisema. "Wameshakuambia?" Nikamuuliza waniambie nini. "Yule rafiki yako, fundi wa kofia. Amefariki alfajiri. Maziko kesho, huko kwake Ibadakuli." Zamu yangu ilipofika niliingia nikaoga, maana haifai kwenda msibani na vumbi la njia nzima. Huko ndani, miguu ikiwa kwenye povu, nilikishika kile chuma kilichopigiliwa ukutani, nikalia. Nawaambia ninyi wasomaji wangu kwa sababu tumezoeana, na kwa sababu chuma kile alikiweka yeye.

Jina lake silitaji, kama ilivyo desturi ya safu hii. Waliomjua watamjua kwa kofia yake ya kahawia yenye ukingo uliokwisha kuliwa na jua, aliyoivaa hata akila. Ufundi wa bomba na chuma aliupata kwenye mgodi wa dhahabu kule Geita, na kikohozi kilichomuua nadhani alikipata hukohuko. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Ukimwambia chai ni tamu atakuambia umeonja ya nani, na ubishi wa asubuhi angeweza kuulaza akauamsha kesho yake ukiwa na nguvu mpya. Tulikutana kila siku kwenye mgahawa ulio nyuma ya soko, tukabishana juu ya bei ya pamba, juu ya mvua, juu ya nani aligundua tairi la baiskeli lisilotoboka, ambalo kwa kweli halijagunduliwa. Jambo moja tu hakuwa na maneno nalo, nalo ni mama mkwe wake.

Msomaji wa pwani huenda akahitaji kuelezwa, ingawa Msukuma hahitaji. Huku kwetu mwanamume na mama wa mkewe huheshimiana kwa umbali. Hawapeani mikono, hawali sahani moja, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Si chuki hata kidogo. Ni heshima iliyokomaa mpaka ikawa ua, na kila mmoja anaulinda ua huo kwa upande wake. Mama huyo alikaa Didia, na alikuwa na kidonda mguuni kisichotaka kupona. Dresa, mfunga vidonda wa hospitali, alimwagiza aje mjini kila Jumatano kufungwa upya, akasema wazi kwamba akiacha kuja mguu utaoza, na ukioza utakatwa. Basi mama akawa anapanda lori la alfajiri, binti yake anampokea mjini waongozane, na fundi anatangulia mbele hatua nyingi, kofia kichwani, kuwatafutia njia kwenye umati. Kabla ya kwenda kwa dresa, ilikuwa lazima mama apite kwenye bafu la soko, aende haja, aoge atoe vumbi la lori. Alisema hawezi kumpelekea mtoto wa watu mguu mchafu aushike.

Mabafu yale tulijengewa vita kuu ya pili ilipokwisha, na tulijivunia kweli. Saruji tupu, chini mpaka ukutani, laini, inang'aa. Lakini siku ya soko wanaingia watu na watu, sabuni inamwagika, maji hayakauki, na sakafu inateleza mno. Nimelifikiria hili mara nyingi. Kule vijijini bafu letu ni ua wa mabua, chini mawe na changarawe, na lazima pawe na nguzo, maana mabua hayasimami bila nguzo. Mzee anaingia, anashika nguzo, anaoga, anatoka. Hakuna aliyewahi kusema nguzo ile ni ya kushika. Ilikuwepo tu. Mji ulipotuletea ukuta ulionyooka, tuliiacha nguzo kijijini bila kujua kwamba tulikuwa tunaihitaji.

Jumatano moja binti yule hakuweza kuja, alikuwa ametoka kujifungua. Fundi akampokea mkwe wake kwa umbali wake uleule, na mimi nikiwa naye. Mama aliingia bafuni peke yake. Baada ya muda tukasikia kishindo, kisha kimya. Fundi alikimbia hadi mlangoni, akasimama hapo kama aliyefika ukingoni mwa kisima. Upande ule ni wa wanawake, na aliyeanguka ni mkwe wake. Mikono aliyokuwa nayo, iliyokuwa ikinyanyua vyuma vinavyowashinda watu wawili, ilikuwa haina kazi. "Jamani akina mama," aliita. "Kuna mzee humo ndani. Nisaidieni." Muuza karanga mmoja akaacha ungo wake akaingia, wengine wakafuata, wakamtoa mama akiwa amefungwa kaniki vizuri, kifundo cha mkono kimevimba, macho chini. Watu wakasema yale yasemwayo, kwamba ajali haina kinga. Nilimwona fundi akiwatazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona katika ubishi wetu wote.

Mama akalazwa kwa binti yake Ibadakuli, na huko akatoa uamuzi wake. Haji tena mjini. Alimwambia binti kwamba mguu ni wake, ukitaka kuoza uoze Didia kwa heshima, kuliko kunyanyuliwa uchi na wauza karanga. Binti alilia, dresa akatuma ujumbe, mama hakutikisika. Fundi alinisimulia haya mgahawani huku chai yake ikipoa. "Mgodini," alisema, "ngazi ya kushukia ina bomba pembeni. Mwanamume ana mgongo kama dume la ng'ombe, analishika, wala haoni haya. Sasa mama mwenye kidonda wanamwambia ajali haina kinga. Kinga ipo. Ni kipande cha bomba." Nikamwambia basi aweke. Akanitazama kama mjinga. "Nikiweka, atajua nimeweka. Akijua nimeweka, atajua nilikaa nikawaza habari za yeye kuoga. Utaniambia nini hapo? Atakufa na mguu wake na hatapita tena hata nyumbani kwangu."

Nadhani mtu asiye wa huku angecheka. Fundi hakucheka, akafikiri siku kadhaa, kisha akapata njia. Kama chuma hakiwezi kuwa cha mama mkwe, kitakuwa cha watu wote. Alikwenda kwa bwana afya wa mji, akaomba ruhusa aweke vyuma kwenye mabafu na vyoo vyote vya soko, vya wanawake na vya wanaume, kwa mabomba makuukuu aliyokuwa nayo mwenyewe, kwa sharti moja kwamba ikiulizwa, iwe ni amri ya bwana afya. Bwana afya alikubali upesi. Alikuwa mtu mwema, na sifa hazimchubui mtu shingo. Mimi nikakatazwa kuandika neno. "Siku nikikuona umeliweka gazetini," fundi aliniambia, "tafuta mwingine wa kubishana naye." Nimetii mpaka wiki hii.

Kilichobaki kilikuwa kipimo. Chuma kikiwa juu mno hakimsaidii mzee, kikiwa chini mno kinamwinamisha. Utapimaje urefu wa mkono wa mtu ambaye hupaswi hata kumtazama vizuri? Mkewe ndiye aliyepata jawabu. Mama alikuwa na fimbo yake ya kutembelea, iliyochongwa kwa kimo chake. Asubuhi moja, mama akiwa bado kwao na amelala, binti aliichukua akampa mumewe, na hadi mchana ilikuwa imerudi pale ilipokuwa. Kwa fimbo hiyo fundi alipima vyuma vya bafuni. Kwa vile vya chooni, ambako mtu anahitaji kitu cha kumwinua akiwa amechuchumaa, alichuchumaa mwenyewe upande wa wanaume, akainuka, akachuchumaa tena, na kofia yake kichwani, huku wachuuzi wa ng'ombe wamejaa mlangoni wakimuuliza kama ameanza ngoma mpya. Aliwajibu matusi ambayo gazeti hili halichapi.

Vyuma vikawa tayari siku ya soko, na ndipo tulipoona tulivyo. Hakuna aliyevishika. Watu walivitazama, wakafurahi, wakatundika nguo. Kanzu, mashuka, kaniki, viatu vilivyofungwa kamba, na kwenye chuma kimoja kuku mzima miguu juu. Fundi aliingia upande wa wanaume akaanza kuzitupa nguo chini. Nilimfuata nimzuie, nikamkuta uso kwa uso na bwana mmoja aliyejaa povu mwili mzima, kanzu yake imo kwenye maji. "Fundi," bwana yule alisema kwa upole ambao sitausahau, "mimi naoga. Kanzu unataka niivae?" Fundi akaiokota kanzu, akaikamua. Tulipotoka nje alikaa juu ya gunia la mtu akasema polepole, "Jumatano mama atashika nguo badala ya chuma. Ataanguka tena, na safari hii nitakuwa nimemwangusha mimi."

Kabla ya Jumatano hiyo alikuwa amepigilia vigingi vya mti kwenye kila ukuta, juu, usawa wa kichwa, mbali na vyuma. Tangu hapo nimekuwa nikiwaambia wakubwa wanaotuletea mambo mema kwamba mtu hapokei jema moja huku mikono yake imeshika jambo lingine. Mtundikie kwanza kanzu yake. Baadaye mwonyeshe chuma. Fundi mwenyewe hakuwahi kulisema hivyo, yeye alisema tu kwamba alikuwa mpumbavu, akaagiza chai.

Binti alimwambia mama yake kuwa bwana afya ameamuru bafu liwekwe vyuma kwa ajili ya wazee wa soko. Mama akauliza kama ni kweli bwana afya. Binti akasema ni kweli. Jumatano mama akaja. Mimi na fundi tulisimama mbali, kwenye kibanda cha mfua debe, tumeupa mlango mgongo. Sijui mfua debe alidhani tumefuata nini. Fundi wakati wote ule alikuwa anakizungusha kifuniko cha kopo mkononi tu. Hatimaye mama wa ufagio akatukoholea. Tuligeuka, tukamwona mama mkwe akienda zake hospitali na fimbo yake, nyayo zimelowa, shingo imenyooka. Fundi alivua kofia, akajifuta uso wote, na sikuona ni jasho au si jasho. Mguu ule haukukatwa. Ulichukua muda, lakini ulipona, na hata ulipopona mama aliendelea kupita bafuni kila alipokuja mjini.

Jumapili tulimzika. Mama mkwe alikaa mbali na kaburi, upande wake, kama alivyokaa siku zote. Watu walipotawanyika alimtuma mjukuu kuniita. Nikapiga goti, nikasema shikamoo mayu, yaani mama, akasema marahaba, akaniuliza kama ni mimi ninayeandika gazetini. Nikakubali. "Utamwandika mkwe wangu?" Nikasema ningependa, ila jambo lake zuri kuliko yote alinikataza nisiliandike. Akatazama fimbo yake.

"La vile vyuma," alisema.

Sikujua nifiche wapi uso. Mama akaendelea kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Mwanangu, mimi ni mzee, si kipofu. Fimbo yangu ililala safi, nikaamka haipo. Mchana ikarudi na saruji kwenye ncha. Bwana afya ana haja gani na fimbo yangu? Nilipoingia kule nikashika, mkono ukafika pale pale unapofikaga. Nikajua."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza miaka yote. "Ningesema, angeona haya," alijibu. "Yeye alinyamaza kwa ajili yangu. Na mimi nikanyamaza kwa ajili yake. Mkono wake sikuwahi kuushika, wala haikufaa. Lakini kila nikiingia kule nilikuwa nasema wabeja, asante, kimoyomoyo, ndipo naoga." Kisha akaipiga fimbo chini taratibu. "Sasa amekwenda. Hataona haya tena. Andika."

Nimeandika, mama. Nimefikiri sana wiki hii juu ya fadhila, jinsi tunavyopenda zionekane, zipigiwe makofi na zisemewe barazani, na jinsi watu wawili hawa walivyokaa miaka mingi wakilindiana heshima kwa kimya. Sitarajii sote tuweze hivyo, mimi mwenyewe ninayelipwa kwa kusema siwezi. Ila lipo dogo tunaloliweza. Jumatatu nilirudi pale bafuni nikakuta shati la mtu limetundikwa kwenye chuma, na vigingi vitupu juu yake. Nikalitoa, nikaliweka kwenye kigingi. Nawe msomaji ukipita pale fanya vivyo hivyo. Huenda anayekuja nyuma yako ni mama mkwe wa mtu, na huyo mtu yuko nje, amegeuza mgongo, anasikiliza.