Salamu Zilizopitia kwa Mbwa

Mama mkwe alipovunjika mguu, nilitoka Kihesa kwenda kumuuguza kwao, milimani nje ya jiji la Mbeya. Mume wangu alibaki na kazi zake za mbao Mafinga. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa pale, na baba mkwe hakunipa hata salamu. Nikiingia sebuleni, anatoka. Nikimwamkia njiani, anageukia migomba. Mimi nina mdomo na hasira za karibu, wiki haijaisha nikamwambia mama, "Kama baba hanitaki kwa sababu mimi ni Mhehe, aseme nifunge mizigo."

Mama alicheka mpaka akaushika mguu wake. Kumbe kwa Wanyakyusa wa zamani mkwe wa kike na baba mkwe hawaongei wala kutazamana. Ndiyo heshima yenyewe, na mzee ameing'ang'ania. Na mume wangu wala hakunidokeza. Nilimpigia simu nikampa vidonge vyake.

Hata hivyo moyo haukutulia. Heshima sawa, lakini mtu atajuaje kama anapendwa?

Asubuhi moja nikiwa jikoni, nikamsikia mzee nje akiongea na mbwa wao. "Wewe, chai ya leo ina tangawizi ya kutosha. Aliyeipika asibadilishe."

Nikasita kidogo, kisha nikasema kupitia ukuta wa mabanzi, "Mbwa, mwambie mzee nimesikia."

Sauti ya mzee ikarudi: "Wewe mbwa, jichunge. Huyo ni Mhehe, na supu yako anaijua."

Sisi Wahehe utani huo wa kula nyama ya mbwa hatuuepuki popote tuendako. Nilicheka hadi mwiko ukaniponyoka, nikamjibu mbwa kwamba amekonda mno, hafai hata kwa mchuzi.

Tangu hapo kila asubuhi tuliongea watatu. Nilijua kwamba mzee aliendesha lori la mbao ujanani, kwamba baridi ya Mafinga ilimliza, kwamba mpaka leo anaogopa radi. Naye alimuuliza mbwa kama mwanawe bado anakula kama anafukuzwa. Nilimpenda yule mzee, na uso wake sijauona vizuri.

Siku ya kuondoka alisimama uani amenipa mgongo. Akakohoa, akatazama huku na huku. Mbwa alikuwa ameenda zake kuzurura. Nikainua begi, nikasubiri.

"Mwanangu," akasema, bado ameigeukia migomba, "usikawie kurudi. Yule mbwa hana mazungumzo."