Kulenga Shabaha Muthetheni kwa Adabu za Morogoro

Niliondoka Machakos mjini Jumamosi moja asubuhi kwa sababu nilikuwa nimechoka kulenga swichi ya taa. Tangu kampuni yetu ya mbegu inihamishie Kenya, kila jioni nilikuwa nasimama sebuleni nimenyoosha mkono wenye pasi ya nguo, jicho moja nimelifumba, naitazama swichi ukutani mpaka bega liwake moto. Jirani aliyenikuta hivyo siku moja, mlango ukiwa wazi, alirudi kwake bila kuomba chumvi aliyoifuata.

Ninyi mlioko Morogoro mnajua kwamba bastola ya shabaha ndiyo starehe yangu pekee. Wengine wana kwaya, wengine wana vikoba vya kuweka akiba, mimi nina karatasi yenye duara jeusi. Mnaweza kucheka, lakini ugenini nilielewa kwa nini naipenda. Machakos kila nikifungua mdomo sokoni muuzaji anatabasamu na kuniuliza kama mimi ni wa Tanzania, kisha anamwita mwenzake aje anisikie nikisema "naomba nyanya". Watu ni wema sana, na mimi nilikuwa mpweke sana. Mbele ya shabaha hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Kuna pumzi yako, kidole chako na kimya, na kimya kile nilikihitaji kama dawa.

Tatizo ni kwamba mgeni kama mimi haruhusiwi kumiliki hata ganda la risasi. Klabu za Nairobi hazimpokei mtu asiye na mdhamini. Ilibaki klabu moja ndogo ya wakulima na walimu wastaafu huko upande wa Muthetheni, yenye bastola zake na vibali vyake, ambayo humwangalia mgeni siku moja tu, kisha kamati inakaa na kuamua. Wakikukataa, basi. Kwangu mimi ilikuwa ama Muthetheni, ama swichi ya taa mpaka mkataba wa kazi uishe.

Saa mbili asubuhi, nje ya soko, Bwana Kioko alinipitia na pikapu yake. Huyu ndiye katibu wa klabu, mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu mwembamba mwenye suruali iliyopigwa pasi hadi inakata. Nyuma ya kiti alikuwa na sanduku la chuma la bastola lenye kufuli mbili, na juu yake mikate ya chai ya klabu.

"Wewe unaomba sana, Madam," aliniambia kabla hatujatoka mjini. "Jana kwa simu umeniambia samahani, naomba kuuliza, kama inawezekana. Mimi nikadhani kuna mtu amekufa."

Nikamwomba radhi. Akapiga usukani kwa kiganja akicheka.

Tulishika barabara ya kuelekea Kitui. Vilima vya huku vimekatwa matuta kutoka chini hadi juu, na mbaazi zilikuwa zimesimama vizuri kwenye kila tuta. Punda walikuwa wakipanda kutoka mtoni na madumu ya maji. Makanisa yalikuwa mengi kuliko maduka. Tulipoacha lami na kukata kuelekea Muthetheni vumbi jekundu lilituingia hadi kwenye mikate, na Kioko akautumia muda huo kunifundisha sheria.

"Sheria ni moja, zile zingine ni watoto wake," alisema. "Ukishika bastola, mdomo wake unaangalia mbele. Saa zote."

"Hata nyoka akiniuma mguu?"

"Akuume. Bastola inaangalia mbele."

Nilimjibu, kwa sauti ya mtu aliyesikia hayo miaka mingi, kwamba asiwe na wasiwasi. Kwetu Morogoro mimi ndiye niliyekuwa nawasomea wanachama wapya sheria hiyo hiyo.

Kufika kwetu kulikuwa kwa heshima kubwa mno. Uwanja wenyewe ni shimo la zamani la kuchimba murram, kifusi cha barabara, kwenye shamba la mwenyekiti, Mzee Ndunda, na ukuta wake wa udongo ndio unaomeza risasi. Pembeni kuna kibanda cha mabati na meza ndefu. Wanachama kama kumi walikuwa wamekaa, wengi wao na makoti ya kanisani. Mzee Ndunda mwenyewe hakuwapo, alikuwa kwenye josho na ng'ombe wake. Mkewe, Mama Mwende, alinipa chai ya maziwa iliyojaa sukari. Kila mlenga shabaha anajua kwamba chai ya namna hiyo huuchezesha mkono ngoma. Nilijaribu kusema nitakunywa baadaye. Alinitazama kana kwamba nimemtukana, nikanywa, akaniongeza.

"Hapa hatuanzi na risasi," Kioko alitangaza. "Tunaanza na Mungu."

Akaomba. Aliombea mvua, serikali, wagonjwa, mgeni wetu kutoka Tanzania, na kwa kirefu sana akaombea amani duniani, bastola zikiwa zimepangwa mezani mbele yake. Tukaitikia amina, tukaenda kulenga.

Mstari wa kufyatulia ni ubao uliozikwa ardhini. Nilisimama hapo, Kioko upande wangu wa kushoto, nikapewa bastola nyepesi ya risasi ndogo. Jamani! Mpini ulipokaa kiganjani nilitaka kulia. Nilinyoosha mkono, nikavuta pumzi, na kile kimya changu kikaja chote. Risasi ya kwanza ilikaa vizuri. Ya pili ikakaa karibu yake. Nyuma yangu nikasikia mtu mmoja akisema, "Huyu mama anajua." Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu nivuke mpaka.

Hapo ndipo sauti ya mzee, nzito na ya upole, ilipotokea nyuma yangu.

"Habari ya mgeni wetu?"

Ndugu zangu, mnajua tulivyolelewa. Mtu mzima akikusalimu, humwachii mgongo. Mwili wangu haukuniuliza ruhusa. Niligeuka mzima mzima, magoti nikayakunja kidogo, mkono wa kulia ukaja mbele pamoja na kilichokuwamo, nikasema kwa adabu zangu zote, "Shikamoo, baba."

Hapakuwa na baba. Mzee Ndunda, aliyekuwa amerudi kutoka joshoni, alikuwa chini kifudifudi, kofia imemtoka. Makoti yote ya kanisani yalikuwa chini vilevile. Mama Mwende alikuwa nyuma ya sufuria. Kwa muda mfupi shimo zima lilikuwa kimya, na sicho kimya nilichokifuata. Kisha kutoka vumbini ile sauti nzito ikajibu.

"Marahaba."

Kioko alinijia kwa ubavu taratibu, kama mtu anayemkaribia ng'ombe mwenye ndama, akaugeuza mkono wangu ukutani na kuichukua bastola. Risasi moja ilikuwa bado ndani. Nikakaa juu ya ule ubao. Niliona aibu iliyonifika mpaka kwenye meno, na chini ya aibu hiyo niliona hofu, maana ningeweza kumuua mzee wa watu kwa kumheshimu.

Kamati ilikaa hapo hapo kibandani, mimi nikiwa nasikia kila neno.

"Sheria inasema mtu akigeuka na bunduki, anaenda nyumbani," alisema Kioko. "Hakuna story ingine."

"Mimi niko na watoto saba," alisema Mzee Ndunda akijikung'uta vumbi. "Wote wananisalimia 'sasa'. Wajukuu ndio hao, 'niaje'. Huyu amenipigia goti."

"Na bastola."

"Na bastola," mzee akakubali. Akafikiri. "Alenge tena baada ya chakula. Mimi nitasimama nyuma yake. Akigeuka, wewe mwenyewe umrudishe Machakos, na asikanyage hapa tena."

Saa saba tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharage. Sikuweza kumeza vizuri, na Mama Mwende akaniongeza. Kisha nikarudi kwenye ubao. Kioko alinipa bastola ikiwa na risasi moja tu ndani, akabaki ameushika mkono wa shati langu, tayari.

"Habari ya mchana?" alisema Mzee Ndunda nyuma yangu.

Shingo ilinichoma. Nilitazama mbele.

"Mwanangu, nakusalimia. Habari ya safari?"

Niliuuma ulimi wangu. Sijawahi maishani kumnyamazia mtu wa umri ule, hata nilipokuwa mtoto mwenye kiburi. Duara jeusi lilikuwa linacheza mbele ya macho, sukari ya Mama Mwende ikifanya kazi yake.

"Mama yako huko Tanzania," sauti ikasema, polepole sana, "yeye hajambo?"

Machozi yalinitoka. Nilifyatua. Risasi iliikosa karatasi kabisa na kupiga udongo juu kabisa ya ukuta. Niliiweka bastola chini mbele ya ubao, nikasubiri Kioko aikague, nikarudi nyuma hatua moja kama sheria inavyotaka. Ndipo nilipogeuka.

Kibanda kizima kilikuwa kinapiga makofi. Mzee Ndunda alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Umekaa kama jiwe," alisema. "Wewe ni wetu sasa." Nikampa shikamoo yake, akaipokea huku akicheka.

Wakati wa kurudi jua lilikuwa nyuma ya vilima na Kioko alikuwa mchangamfu. Aliniambia kwamba kulenga nitalenga tu, mkono utarudi, lakini utulivu ule hawajawahi kuuona kwa mwanachama mpya. Nilikuwa nimekwenda kutafuta mahali ambapo sitaulizwa chochote, nikapokelewa kwa sababu niliulizwa habari zote za dunia na nikakataa kuzijibu. Kama kuna nilichojifunza, ni kwamba kila nchi ina mahali pake ambapo ukorofi ndio adabu, na mgeni hafundishwi mpaka akosee.

Nilipofika nyumbani, kabla hata ya kuvua viatu, nilimpigia mama. Nilimsimulia yote, tangu chai hadi makofi, nikingoja acheke.

"Kwa hiyo mzee wa watu kaniulizia mimi hali," alisema, "nawe ukamkalia kimya."

"Ndiyo, mama. Ndivyo nilivyopita."

"Na wakakupigia makofi."

"Ndiyo, mama."

"Na shabaha uliipata?"

"Niliikosa."



"Jumamosi ukirudi," alisema, "kabla hujashika hicho kidude chako, mwambie mimi sijambo."