Mwenye Mawe ya Kizuizini

Haya ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa macho, saa saba mchana, jua la Kyuso likiwa utosini. Nasema mapema kwa sababu najua utakavyoniuliza. Huyo niliyemwona alikuwa na kivuli? Saa saba hata mimi sikuwa na kivuli. Nilikuwa nimekunywa? Mama yangu angejua kabla sijameza.

Kazi yangu ni kukata tikiti za watalii. Mbele ya Kyuso kuna mwamba mkubwa ambao watu huja kuupanda na kupiga picha, na siku hizi kila anayefika hulipa ada kabla ya kuingia, mgeni zaidi ya mwenyeji. Jina la mwamba silitaji, nisiharibu biashara. Kazi hii niliipenda kwa sababu haina maneno mengi. Mimi huogopa watu. Nikiulizwa jina langu mbele ya watu watatu, nalisahau. Langoni nilihitaji maneno matatu tu, "Mwenyeji au mgeni?", kisha naandika risiti polepole, maana shule niliishia ya msingi. Mama alisimama kanisani akashuhudia kwamba mwanawe ameandikwa kazi, na watu wakapiga makofi. Baada ya makofi kama hayo, utarudije nyumbani ukisema umefukuzwa?

Na nilikuwa karibu kufukuzwa. Sababu ni usingizi. Nilikaa kwenye kiti kutoka asubuhi hadi jioni, sibebi kitu, lakini ikifika saa nne miguu inaniuma kama mtu aliyetembea kutoka Garissa. Mabega, mgongo, mpaka nyayo. Nalala kalamu ikiwa mkononi. Mama alininunulia dawa ya minyoo. Mchungaji aliniombea. Bwana Mulwa, msimamizi wetu, alinikuta nikikoroma mara mbili, akaniambia, "Kijana, hapa hatulipi mtu kulala. Mara ya tatu utaenda kulala kwenu."

Sasa nikueleze kizuizi chetu, maana jambo lote liko hapo. Ni mti mrefu uliolazwa kukatiza barabara. Kwenye ncha yake fupi tulifunga gunia la mawe, ili mti uwe mwepesi kuinua. Mawe hatukuyatafuta mbali. Kando ya barabara palikuwa na rundo kubwa la mawe madogo, ya kujaa kiganja. "Mungu ametuwekea," Mulwa alisema. Tukayachota yote.

Siku hiyo nilikuwa nimejibana sikio kwa kibanio cha nguo ili nisilale. Nikainua macho nikaona mwanamke amesimama mbele ya meza. Mfupi, mnene, kiondo mgongoni, kamba yake imepita kwenye paji la uso. Sikusikia pikipiki wala miguu. Barabara pale imenyooka, mtu unamwona akiwa bado nukta. Huyu alitokea akiwa mzima.

"Mwenyeji au mgeni?" nikauliza.

Akacheka, nami nikayaona meno yake. Ya mbele yalikuwa yamechongwa, makali kama ya msumeno. Wakamba wa zamani walichonga meno, hilo tunaambiwa. Lakini leo utampata wapi mwenye meno hayo? Niamini, kibanio kilianguka chenyewe.

"Asi! Mgeni ni wewe, kamwana," akasema. "Miezi mitatu unaingia na kutoka mlangoni pangu. Umelipa nini?"

"Mimi ni mfanyakazi, mama."

"Wa nani?"

Maandishi ya fulana yangu yako mgongoni, kwa hiyo ilibidi nigeuke ili ayaone. Hebu fikiria, kugeuzia mgongo kitu kama kile! Nilipomgeukia tena alikuwa amekaa kwenye kiti changu.

Wewe ungekimbia? Mimi nilibaki pale pale. Nikashika kile ninachokijua. "Kitambulisho, mama."

"Wakati wetu tulitambuana kwa meno. Hebu fungua mdomo nikuone."

Nikaufunga kabisa.

Akainuka, akalifungua gunia, akaanza kutoa mawe moja moja na kuyarudisha pale rundo lilipokuwa. "Hili ni la mtu aliyefika na ng'ombe wake wakiwa wamebaki wawili. Hili la mama wa mapacha, mmoja mbele, mmoja mgongoni. Hili la mlevi. Aa, huyu hakuwa amechoka, alitupa tu kwa kuona wengine."

Kisha akanieleza, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mbuzi. Zamani kila msafiri aliyefika hapo aliokota jiwe, akalitemea mate, akalitupa kwenye rundo. Uchovu wa njia ukabaki na jiwe, yeye akaingia mwepesi. Hiyo ndiyo ilikuwa ada.

"Sasa nyinyi mmeyatia mawe guniani, mnawapa watu karatasi. Karatasi inabeba uchovu?"

Nikakitazama kitabu cha risiti.

"Basi uchovu wao anaachiwa aliyekaa mlangoni. Na wewe hata hujiulizi!"

Ndugu msomaji, nilitaka kulia, na si kwa hofu. Kwa miezi mitatu huyo alikuwa wa kwanza kuamini kwamba nimechoka.

Gunia lilipokwisha, aliokota jiwe, akalitemea, akaliweka juu ya meza. "Nimelipa. Niandikie."

"Jina?"

"Mwenyewe." Akasubiri, kisha akapumua kwa nguvu. "Unaandika kama kinyonga akivuka barabara."

Nikachana risiti. Akaitia kwenye kiondo, akaelekea kizuizini. Sikumwona akiinama, sikumwona akiruka. Alikuwa upande huu, kisha upande ule, kisha nikawa naangalia mwamba peke yake.

Mulwa alifika kwa pikipiki muda si mrefu baadaye. "Nani amemwaga mawe?"

Ng'ambo ya barabara kuna Mama Wayua, anayeuza uji. Mulwa akamwuliza. "Mimi sijaona mtu," akasema. "Nimeona tu huyu kijana akiuonyesha upepo fulana yake, halafu akaukatia risiti."

Ikabidi nieleze. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo maishani. Mulwa alicheka mpaka akashika meza. "Sasa umeanza kuota ukiwa umesimama! Hii ndiyo mara ya tatu. Chukua toroli, niletee mawe mengine kutoka korongoni, kisha uende kwenu. Nitakaa hapa mwenyewe uone kazi inavyofanywa."

Nikaenda, nikimfikiria mama na yale makofi. Nikiwa korongoni niliona magari mawili ya wageni yakifika, Mulwa akiwaandikia, kisha akiinua mti kwa bega. Hakuna aliyetupa jiwe.

Niliporudi alikuwa amelala. Kofia ya pikipiki ilikuwa bado kichwani, shavu kwenye kitabu cha risiti, mate yakitiririka. Mama Wayua alikuwa amekuja kumtazama.

"Shh," akasema. "Analala kama mtu aliyetoka mji wa Wote kwa miguu."

Aliamka saa kumi. Akatutazama, akayatazama mawe.

"Nani anasema nimelala?"

"Hakuna," tukajibu.

Akasimama akijishika kiuno. Akazunguka nyuma ya kibanda cha tikiti, akidhani hatumwoni, akaokota jiwe, akalitemea, akalitupa kwenye rundo. Akajinyoosha. Akaruka kidogo, kujaribu magoti.

"Kesho uje mapema," akaniambia. "Na hilo gunia litie mchanga."

Rundo limerudi na kazi bado ninayo. Kwenye kitabu nakala ipo, kwa mwandiko wangu: jina, Mwenyewe, malipo, jiwe moja. Mkaguzi ameuliza mara mbili. Hujibiwa na Mulwa, mimi nikiangalia viatu.

Kwa hiyo ukija kwetu, kata tikiti, kisha shuka uokote jiwe. Usiniambie ulikuja kwa gari na hujachoka. Wa magari ndio wabaya zaidi, uchovu wao ni wa mgongo. Juzi lilikuja basi zima la wanafunzi, na mwalimu wao akasema hawana wakati wa ushirikina. Mimi nikaona aibu kubishana na mwalimu. Haya naandika nikiwa kitandani, mama ameweka ile dawa ya minyoo karibu, na leo ni siku ya pili sijaweza kuinuka hata nikatupe jiwe.