Togwa ya Ukweni

Nichekeni tu, nimestahili. Utamu wa riwaya za mapenzi na mauaji ni kumshuku kila mtu, ila mimi hata nikikifunga kitabu siachi. Jumapili mchumba wangu Damas alinipeleka Ruhuwiko kwa mama yake, mara ya kwanza. Kwenye mkoba wangu wa mtumba kulikuwa na riwaya ambayo ndani yake binti ametiliwa sumu, nami nilishamhukumu mchumba wake. Damas akaniletea togwa huku anatabasamu. Anatabasamu nini?

"Onja wewe kwanza," nikamwambia.

Akanywa.

"Tena."

Mama yake akatupa jicho mkobani, akakiona kitabu.

"Kumbe! Hiki nimeshakimaliza. Mwanangu, mchumba unamwonea bure. Muuaji ni mama mkwe."

Akanijazia kikombe mwenyewe.