Njia ya Mjomba Ndani ya Kadi

Nilifuta kaburi la bibi yangu kwa kidole kimoja, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, kandambili miguuni. Nilidhani nasafisha kompyuta.

Niseme kwanza mimi ni mtu wa namna gani, maana bila hilo kosa lenyewe halieleweki. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kikula, mtaa wetu, yote inanijua hivyo. Wenzangu walikwenda kuchimba madini, wengine wakaenda Lubumbashi kutafuta maisha. Mimi maisha niliyangoja hapa hapa uani, yanikute nimekaa. Kazi yangu ni montaji. Watu wananiletea video za harusi, za ubatizo, za kilio, nami ninazikata, ninaziunga, ninatia muziki. Nimehudhuria harusi nyingi sana za mji huu bila kuvuka lango letu.

Sasa bibi. Mama wa mama yangu alizikwa porini, upande wa Kapolowe, wakati mama bado msichana mdogo, na zamani zile watoto hawakupelekwa makaburini. Baadaye kijiji kikahama, kikasogea barabarani, na pori likajifunga nyuma yake. Aliyebaki akijua mahali alikuwa mmoja tu: kaka yake mama, mjomba wetu. Mama hakuwa na ombi kubwa uzeeni. Alitaka asimamishe msalaba juu ya mama yake kabla naye hajamfuata. Alikuwa amekwisha kuutengenezesha, wa chuma, kwa fundi wa kuchomelea, akaupaka rangi nyeupe mwenyewe, ukawa unangoja pesa za kukodi gari.

Yaya, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa kwetu, alishuka kutoka Lubumbashi na kamera ndogo, ile ya kufunga kifuani, ambayo watu wa pikipiki wanaipenda. Akatueleza tukiwa tunakula.

“Hii iko na GPS. Kila fasi mujomba anapita, inaandika. Hata yeye akikufa, tutafuata njia yake mupaka pa kaburi. Weye utaenda naye.”

“Minye? Na huyu mugongo?”

“Mugongo yako inauma juu ya kiti, hapana juu ya njia.”

Siku ikafika, katikati ya kiangazi, vumbi limesimama barabarani kama mtu. Na asubuhi hiyo hiyo mama alikuwa ameletewa samaki wa ziwa Tshangalele, wabichi kabisa. Nilisikia mgongo unaanza kuuma. Nikamfunga mjomba kamera kifuani, mikanda nikaikaza vizuri, nikamwonyesha kitufe cha kubonyeza.

“Mwipwa, unanifunga kama mbuzi ya kuenda soko,” akasema. “Weye hauendi?”

“Kamera njo macho yangu, mujomba.”

“Ah, basi. Macho itakula vumbi, na kinywa itabakia na samaki.”

Akacheka, akaenda peke yake. Alipofika Kapolowe alichukua pikipiki ya kukodi, akaingia porini. Jioni alirudi mwekundu kama tofali, akaoga, akala samaki niliyemwekea. Sehemu ya mkia.

Video yake ilikuwa ndefu mno. Kichwa cha dereva, miti, kijia, miti tena, kichuguu, mjomba anahema, mjomba anazungumza peke yake polepole. Nikasema moyoni, mama atasinzia. Kwa hiyo nikafanya kazi yangu. Kijia nikakikata. Nikabakiza gurudumu, ndege wanaruka, na mwisho mkono wa mjomba unaondoa majani juu ya mawe ya kaburi, kisha unaonyesha huku, unaonyesha kule. Sauti yake ilikuwa na upepo mwingi, haikunipendeza. Nikaitoa, nikaweka kinanda cha kanisani. Nilipowaonyesha, mama alilia. Jirani yetu, mama anayeuza munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, alilia pia, na yule si mtu wa kulia bure. Nilijivuna kama bwana harusi.

Wiki ile kulikuwa na harusi kweli, na kompyuta imejaa. Video za asili za mjomba zilikuwa nzito. Nikazifuta. Kadi nikaisafisha, nikairudisha ndani ya kamera, ikajaa watu wanaocheza.

Nisijitetee kwamba nilisahau maneno ya yaya. Niliyakumbuka vizuri sana. Ila nilidhani GPS inakaa ndani ya picha kama chumvi ndani ya mchuzi: chota kijiko chochote, chumvi imo. Kumbe inakaa kama gunia la makaa nyuma ya baiskeli. Ile programu ya montaji ilichukua baiskeli, ikaipaka rangi, ikaitoa upande wa pili inang'aa. Gunia lilibaki njiani, na mimi sikugeuka kuangalia.

Mjomba alitutoka wakati wa mvua. Mvua zilipokwisha, yaya akaja na kompyuta yake ili atoe ile njia. Akafungua video yangu. Ramani ikatokea, tupu. Akafunga, akafungua tena.

“Fishie ya video ya kwanza iko wapi? Ile yenye kutoka mu kamera?”

“Nilifuta.”

“Ulifuta?”

“Lakini hii njo ya muzuri zaidi, yaya. Iko na muziki.”

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alipeleka kadi mjini kwa fundi anayefufua vitu vilivyofutwa. Fundi akatufufulia wasimamizi wa bibi harusi wakikata kiuno, na nyuma yao hakuna kitu. Kule Kapolowe tukamtafuta dereva wa pikipiki. Wenzake walisema alikwenda Kolwezi kuchimba, hawajui shimo gani.

Mwishowe tulikwenda tu. Safari hii nilikwenda na mimi, na mgongo, mwenye aibu zake, ulinyamaza. Yaya alikodi gari, msalaba ukalala nyuma. Tulishuka pale tulipodhani kijiji kilikuwa. Nilishika simu mbele yangu kama padri ameshika kitabu, nikalinganisha video na pori. Kila kichuguu kilikuwa ndicho. Kila mti ulikuwa ndio. Kwenye simu mkono wa mjomba ulionyesha huku, ukaonyesha kule, na kinanda kikalia.

Mama alikuwa amesimama na viatu vyake vya kanisani ndani ya majani. Akasogea.

“Punguza muziki kidogo, nisikie kaka yangu anasema nini.”

“Haipunguki, mama. Sauti yake nilitoa.”

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Aliinamisha sikio kwenye simu mpaka mwisho, kama mtu anayesikiliza nyuma ya mlango, labda mjomba angepenya katikati ya kinanda. Kisha akatazama miti, akasema, “Basi. Twende.” Msalaba ulirudi nao ukigonga gonga nyuma ya gari.

Siku hizi najua kazi. Kabla sijakata kitu, naweka video ya asili kwenye diski ya pembeni, haiguswi. Halafu naitoa ile njia, naihifadhi peke yake kama faili ndogo, isiyojaza hata kona. Yaya aliniachia kamera, nadhani kwa kuniadhibu. Kwa hiyo leo ninayo, kwa usahihi mkubwa, njia ya kila msafara wa harusi wa Kikula, kutoka kanisani mpaka ukumbini. Hakuna aliyewahi kuniomba hata moja. Kwenye harusi hakuna anayepotea.

Msalaba umeegemea ukuta wa jikoni. Mama huupangusa vumbi anapofagia ua, naye akiupangusa mimi huwa na kazi ya haraka ndani. Juzi jirani alikuja na ndoo yake ya munkoyo, akamkuta mama ameinama pale na kitambaa. Alimwangalia, akaniangalia mimi mlangoni, akatua ndoo chini.

“Mama yako siku yake ikifika,” akaniambia, “mumuzike hapa karibu. Weye hauko muntu wa kuachiwa njia.”