Barua ya Adabu kwa Watengeneza Hadubini

Theopista alilelewa kwamba mtu haingii kwa watu na shida mkononi. Unabisha hodi, unasalimia, unauliza habari za watoto, ng'ombe na mvua. Ukishakaa na kupewa maji ya kunywa ndipo unasema kilichokuleta, tena kwa sauti ya chini. Nilifanya naye kazi miaka mingi katika kituo cha afya karibu na Ushirombo, mimi mkunga, yeye, tuliyezoea kumwita Mama Kamili, maabara, na sijaona mwenye adabu kumzidi. Nasema hivyo kwa uchungu, maana adabu ile ilimponza.

Hadubini mpya ilitufikia mwanzoni mwa miaka ya themanini. Waumini wa parokia walikuwa wamechanga, wengine pamba, wengine asali, mpaka ikaagizwa kutoka kiwandani huko Ulaya. Ile ya zamani ikachukuliwa na zahanati nyingine siku ileile. Theopista alipoweka kioo cha kwanza chenye damu akaona ukungu. Alifuta lenzi, akafuta tena, wapi. Ukungu ulikuwa ndani, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Lenzi ndogo zilikuwa nzima, lakini ile yenye nguvu, ambayo ndiyo ya kutafutia vijidudu vya malale, ilionyesha weupe mtupu.

Kwetu kule porini, penye inzi wale wa ndorobo wanaoeneza malale, hiyo haikuwa hasara ndogo. Dawa ya malale ni kali, ina sumu ndani yake, na ukimchoma mtu asiye na ugonjwa huo unaweza kumuua kwa mkono wako. Kwa hiyo Bwana Herman, tabibu wetu, alikuwa na sheria moja: bila kuonyeshwa kijidudu, hachomi sindano.

"Waandikie waliotengeneza," alimwambia Theopista. "Tumenunua, hatukuombaomba. Walete lenzi nyingine."

Theopista akaandika kwa Kiswahili, na Mwalimu Onesmo wa shule ya msingi akaigeuza kwa Kiingereza neno kwa neno. Niliisoma kabla haijatumwa. Salamu nyingi ziwafikie popote mlipo. Sisi huku ni wazima, hofu yetu ni kwenu. Hadubini yenu imefika salama, ni nzuri sana, na sanduku lake limesifiwa na kila aliyeliona. Mvua zimenyesha vizuri. Mwisho kabisa, chini, palipobaki nafasi ya kidole: ila lenzi moja ina ukungu kidogo, mkipata nafasi mtuangalizie, samahanini kwa kuwasumbua.

"Mama Kamili," nilimwambia, "haya ni malalamiko au mwaliko wa harusi?"

"Sasa nianze kuwagombeza watu hata sijawasalimia?" alinijibu. Alikuwa ameudhika kweli.

Jibu lilikuja pamba ikiwa imeshavunwa. Wenzetu walikuwa wamefurahi mno kusikia hadubini yao inatupendeza. Walisema barua yetu imebandikwa ukutani kiwandani ili wafanyakazi wote waione. Wakatuletea na kalenda yenye picha za hadubini nyingine. Nilitamani kuichana, na hadi leo najuta kwamba nilizuiwa. Watu wanaotengeneza vyombo vya kuonea vitu vidogo, wakashindwa kusoma barua mpaka mstari wa mwisho!

Theopista akaandika tena. Alianza kwa kuwashukuru kwa kalenda.

Tukiwa tunangoja, akaletwa kaka yake mkubwa, Damian. Huyu alikuwa mrina asali, na wazazi wao walipofariki ni yeye aliyemlea Theopista na kumsomesha. Mkewe, Anisia, alisema mume wake analala mchana kutwa, tonge likiwa mdomoni, na usiku anaamka kuzurura. Herman alimtazama mgonjwa, akampapasa tezi zilizovimba shingoni.

"Hii ni malale, karibu niape," alisema. "Lakini karibu haitoshi. Mama Kamili, nionyeshe kimoja tu, nachoma sasa hivi."

Theopista aliinama kwenye hadubini tangu asubuhi mpaka jua likashuka. Alibadilisha vioo, akasogeza kioo cha mwanga, akasali. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu. "Sioni kitu, Bwana Herman. Naona ukungu."

Tukasema apelekwe Kahama. Lakini masika yalikuwa yamekata barabara, na mafuta ya gari miaka ile yalikuwa ya kubahatisha. Lori lilipopatikana, Damian alikuwa hamjui tena mwanawe wa kwanza. Hospitalini walivikuta vijidudu mara moja, ila vilikuwa vimeshaingia kwenye ubongo. Theopista alimwacha kaka yake kule na Anisia, akarudi, akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Onesmo. Nilimfuata, maana nilimhofia.

"Andika," alisema. "Lenzi yenu ni mbovu. Tumeshindwa kumpima mgonjwa. Leteni nyingine."

Onesmo akainua kalamu. "Na salamu?"

"Hakuna."

"Mama Kamili, watatuonaje?"

"Watuone wanavyotaka."

Aliitia sahihi huku ameangalia pembeni, kama mtu aliyemtukana mkwewe. Na lenzi ikaja upesi, kwa ndege, pamoja na barua ya kuomba radhi: walikuwa hawajui kwamba tuna tatizo. Hawakujua! Theopista aliifunga kwenye hadubini, akachungulia, akasema inaonyesha vizuri.

Damian alipona, kama huko ni kupona. Anisia akienda shamba alimwacha kwenye baraza ya maabara, mahali ambapo dada yake angemtupia jicho. Asubuhi ya kwanza nilikuwepo. Theopista alipokaribia, amwamkie kaka yake kama alivyomwamkia maisha yake yote, Damian aliwahi kusimama. Akainamisha kichwa kwa heshima, kama kwa mgeni.

"Shikamoo, mama."

Theopista alimtazama usoni, akitafuta kama ni utani. Salamu haiachwi bila kuitikiwa.

"Marahaba," alisema, akaingia ndani kupima damu za watu.