Sumaku na Gari la Kulala

Ilikuwa mwaka wa tisini na saba. Hapana, nimekosea: tisini na saba ndio mwaka aliostaafu mdogo wa fundi wetu, na gari walikwenda kuliona mwaka uliofuata, mwezi wa pili, kwa maana goti la kulia la fundi lilikuwa limeshaanza kudai heshima zake. Basi tuseme tisini na nane.

Huyu fundi watu walimwita Sumaku. Jina alilopewa na wazazi lilikuwepo, lakini lilibaki kwenye vyeti. Miaka thelathini na mitatu alinyoosha bodi za magari, na alipoacha gereji akawa mtu wa kuitwa huku na kule na wanaotaka kununua gari kuukuu. Alikwenda kwa basi, mara nyingine kwa miguu, hana haraka, akisimama kuzungumza na kila mwenye nyundo mkononi. Mfukoni alibeba vitu vitatu: tochi, bisibisi butu, na sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio, akaishonea kitambaa ili isikwaruze rangi. Sumaku ukiipitisha kwenye bodi, penye bati hunasa. Penye puti, ule udongo wa kukandikia mashimo, huteleza ikaangukia kiganjani.

"Rangi hudanganya," alikuwa akisema. "Mwenye gari hudanganya. Hata mimi naweza kudanganya. Huyu hajafundishwa bado."

Mdogo wake alikuwa mkunga. Miaka thelathini na mitano alipokea watoto wa watu katika wodi moja, na katika miaka hiyo yote safari yake ndefu ilikuwa kutoka nyumbani hadi kazini. Mume alishatangulia mbele ya haki, watoto wana nyumba zao. Alipostaafu akaja na neno moja tu: anataka gari la kulala, lile lenye kitanda, jiko na kabati ndani, hata likiwa la zamani, kwa sababu jipya hawezi.

"Nimeamshwa usingizini kwa ajili ya matumbo ya wenzangu maisha yangu yote," alimwambia kaka yake. "Sasa nataka niamke mwenyewe, mahali ambapo hakuna anayenijua."

"Hata gesti hakuna anayekujua."

"Gesti haina magurudumu, kaka."

Gari lilikuwa la fundi cherehani mmoja, mtu mpole mwenye futi ya kitambaa shingoni kama wengine wanavyovaa tai. Liliegeshwa kwenye banda la mabati nyuma ya chumba chake cha kushonea. Umbo la mkate, juu jeupe chini la kijani, injini nyuma, paa la kuinuliwa lenye turubai. Mkunga alipoliona akaushika mpini wa mlango.

Sumaku hakulitazama gari. Alikwenda moja kwa moja nyuma, akaweka kiganja juu ya kifuniko cha injini.

"Umeliwasha leo?"

"Sijaligusa. Si ulinikataza kwenye simu?"

"Vizuri. Gari linalopashwa moto kabla ya mgeni kufika, lina kikohozi linachokificha."

Akaomba kadi ya gari. Akalinganisha namba ya kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye chasisi, tarakimu moja moja, midomo ikichezacheza. Zikawiana. Akapitisha kidole kwenye mfereji wa maji unaozunguka paa, mahali ambapo majani huoza na bati huoza pamoja nayo. Akabonyeza mipira ya vioo. Akafunua zulia, akanusa sakafu kama paka. Akagonga mbao za dari kwa kifundo cha kidole, maana mbao iliyokunywa maji hujibu kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Mpira wa gesi unaokwenda kwenye jiko ulikuwa na nyufa, akasema huo ukatwe leo hii, asiwashe mtu kiberiti. Tairi alizicheka.

"Tairi hii ina meno ya kijana na shingo ya bibi. Tazama ubavuni ilivyopasuka. Haikutembea, imezeeka imesimama."

"Sasa hizo nitanunua," alisema mkunga kutoka ndani ya gari. Alishaingia, amekaa kitandani, anafungua makabati. "Kaka, uone mapazia haya."

"Nimeyashona mwenyewe," alisema fundi cherehani. "Yana bitana."

"Mapazia hayashiki kutu," alisema Sumaku. "Na wewe shuka. Ukikaa ndani ya gari kabla halijakaguliwa, unageuka shahidi wa muuzaji."

Hakushuka. Alikuwa anapima kwa shubiri kama birika lake litaenea pembeni ya jiko.

Sumaku akaanza kupitisha sumaku yake, kutoka mlango wa mbele kwenda nyuma, chini kabisa kwenye ukingo. Ilinasa, ikanasa, ikanasa. Karibu na gurudumu la nyuma la kushoto ikamwangukia mkononi. Akajaribu tena, ikaanguka tena. Akafumba macho, akapapasa kwa kiganja. Palikuwa laini, hapana kijimwinuko, puti imefifia pembeni mpaka huwezi kusema inaishia wapi.

"Hapo palishughulikiwa zamani, kabla sijalinunua," alisema fundi cherehani. "Aliyefanya alikuwa fundi kweli. Hata mkaguzi wa mwaka jana alipasifu."

"Penye urembo ndipo penye urimbo," alisema Sumaku, kwa mazoea tu. Akatandika gunia, akajilaza chali, akajisukuma chini ya gari na tochi yake.

Pale nyuma kuna boriti ya chuma inayobeba sakafu. Juu ya boriti hiyo ndipo kilipo kitanda kidogo, cha watoto, kando ya injini. Boriti ilikuwa imefunikwa na kipande cha bati, debe la oili lililokunjuliwa na kunyooshwa, limeshikwa kwa ribiti sita, vile vijimsumari vya kupondwa kichwa. Pembe zake zilikatwa mviringo zisije zikamkata mtu mkono. Juu yake lami, na kwenye lami safu ya alama za dole gumba, mbonyeo baada ya mbonyeo, kila mmoja umekosa ncha upande wa kushoto.

Sumaku aliishika tochi kwa meno. Akainua dole gumba lake, ambalo mkasi wa bati uliling'ata ncha alipokuwa na miaka ishirini na nane, akaliweka kwenye mbonyeo. Likaenea.

Kisha akachukua bisibisi butu, akasukuma pembeni ya bati. Ilizama mpaka kwenye mpini, na vumbi jekundu likamdondokea ndevuni.

Alikumbuka yote bila kujitahidi. Miaka kumi na tisa nyuma, gereji ya bosi wake, baba na mama na watoto wawili wa kike wanaofanana. Walikuwa wanasafiri Jumamosi. Bosi alichungulia chini, akasema, "Kandika tu. Wakirudi safari tutaikata tuchomelee boriti mpya." Yeye akakandika. Lakini alikuwa fundi mwenye mikono mizuri na mwenye kujua kwamba ana mikono mizuri, hata kiraka cha wiki mbili hakuweza kukifanya ovyo. Siku tatu alipiga msasa. Familia ikalichukua gari, watoto wamepiga magoti kitandani wakipunga mikono kwenye kioo cha nyuma, na haikurudi. Bosi alikufa, gereji ikawa duka la vigae. Wahenga walionya juu ya asiyeziba ufa. Hawakusema lolote juu ya anayeuziba vizuri kupita kiasi.

Juu yake alisikia mdogo wake akiuliza kama turubai la paa linaweza kushonwa upya, na fundi cherehani akijibu kwamba hilo ni la dakika mbili.

"Kaka, umelala huko?"

"Bado natazama."

Angeweza kutoka akasema limeoza, twende zetu. Ingekuwa kweli, na hakuna ambaye angeuliza zaidi. Akaizima tochi. Kisha akajivuta nje, akajipangusa vumbi, akasema, "Usilinunue."

"Kwa nini?"

"Boriti ya nyuma imeliwa na kutu, imebaki ganda. Ukipita shimo kubwa kitanda kitashika njia yake na magurudumu njia yake."

"Lakini mkaguzi..." alianza fundi cherehani.

"Imefunikwa. Huwezi kuiona mpaka uichome."

Mkunga akashuka hatimaye. "Nani huyo wa kufunika kitu kama hicho, akijua watu watalala juu yake? Mtu huyo ana moyo wa namna gani?"

Sumaku alikuwa analikunja gunia. Alilikunja mara nne, akalikunjua, akaanza upya. Mdogo wake alimtazama. Ni mwanamke aliyezitazama nyuso za watu wengi wanaosema hawaumwi.

"Kaka."

"Naam."

"Mficha uchi hazai."

Wasichana wangapi aliwaambia neno hilo wodini, Mungu ndiye ajuaye. Sumaku akalitandika gunia tena, akampa tochi.

"Ingia uone mwenyewe. Upande wa kushoto."

Aliingia na gauni lake la kutokea. Walimsikia akihema, wakaona mwanga ukizunguka, kisha ukatulia mahali pamoja. Ule mshono wa dole gumba la kaka yake aliushona yeye, akiwa bado mwanafunzi, na ulikuwa mshono mbovu kuliko yote aliyowahi kushona.

"Hiki si kidole chako?"

"Ni changu."

Alitoka, hakujipangusa. "Ulijua watu watalala hapo?"

"Nilijua watarudi tukate."

"Sijakuuliza hilo."

"Nilijua," alisema Sumaku. "Watoto wawili. Niliwaona." Akaongeza baadaye, kama anayejisemea, "Ningefanya vibaya, mtu angegundua mwaka uleule. Nilifanya vizuri mno."

Fundi cherehani alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango, futi yake mkononi. "Mimi nimelala humo miaka sita," alisema. "Na mama watoto ni mnene."

Hakuna aliyecheka, ingawa baadaye wote watatu walikuwa wakikihadithia kicheko hicho kana kwamba walicheka palepale.

"Ninalinunua," alisema mkunga.

"Nimekwambia usilinunue."

"Ninalinunua likishakatwa. Utalikata wewe. Na mara hii nitakuwa nimesimama hapo, hupaki rangi mpaka nimeona chuma."

Fundi cherehani akakubali kungoja, na banda akaliazima. Kazi ilichukua miezi minne. Sumaku alitoboa ribiti zake mwenyewe moja moja, akalibandua debe la oili, akakata kila kilichooza mpaka akakuta chuma kinacholia msumeno ukikigusa. Kuchomelea alimwachia fundi mwenye macho mazuri zaidi. Mkunga alikuja kila Ijumaa na kiti chake. Siku ya mwisho aliichukua sumaku, akaipitisha mwenyewe kutoka mbele hadi nyuma, taratibu, na ilinasa kote.

Kisha akaondoka. Alirudi baada ya miezi mitano, amekonda, mweusi wa jua, akilalamikia bomba la jikoni linalovuja, na wiki haikupita akaondoka tena.

Sumaku hakuacha kukagua magari ya watu. Ila tangu hapo alikuwa halali chini ya gari kabla ya kumweleza mnunuzi habari ya ile boriti, na kumwambia asihofie sana penye mkwaruzo. Achome palipo laini mno.

Kwenye kadi ya gari kulikuwa na jina la mwenye gari wa kwanza na mtaa wake. Sumaku alipanda mabasi matatu akaenda. Nyumba ilikuwa imegeuzwa stoo ya dawa. Jirani mmoja aliikumbuka familia, hakukumbuka ilihamia wapi, wala ni watu wangapi waliohama. Akamwachia barua, nyingine akaituma kwa sanduku la posta la zamani, na mwaka uliofuata akaituma tena. Ilikuwa barua fupi, kwa mwandiko wa mtu aliyeacha shule mapema. Alijitambulisha, akataja gari na rangi yake, akaomba radhi kwa mstari mmoja. Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyemjibu mpaka leo: mlipokuwa mkipita kwenye mashimo, watoto wamelala kule nyuma, hamkuwahi kusikia kitu kikilia chini yao?